Fundi wa turbo aliyeshuku kila kitu ila mteremko

Ni saa mbili asubuhi, na Aloys Ndunda tayari amegombana na mtungi wa oili.

Ameununua jana dukani. Umefungwa vizuri, una kibandiko, una muhuri. Hayo yote hayamtoshi. Anaufungua, ananusa, anachovya kidole, kisha anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada huku amefumba macho. Anadondosha tone moja kwenye ukurasa wa gazeti kuukuu na kuuanika juani. Tone likienea likaacha duara safi, oili itaingia kwenye injini. Likiacha kitovu cheusi katikati, mtungi utarudishwa dukani leo hii, na mwenye duka atajua hajui.

"Kuna watu wanachuja oili chafu kwa kitambaa, wanaitia kwa mtungi mpya, wanakuuzia," anasema. "Mimi simwamini mtu. Hata wewe na hiyo kamera yako, sijui umetumwa na nani."

Hatanii. Anaomba kuona kitambulisho cha kazi cha mwandishi, anakigeuza nyuma na mbele, kisha anakirudisha.

Tone linatoka safi. Anamimina oili injinini, halafu anachukua bisibisi na kuudunga mtungi mtupu matundu kila upande, asije mtu akauokota jaani na kuujaza uchafu. Nyuma ya kibanda chake kuna rundo la mitungi iliyotobolewa hivyo, na mafundi wenzake humcheka kwamba anapigana na maadui wa plastiki.

Aloys ana miaka hamsini na miwili. Ni mzaliwa wa Masii, na kibanda chake cha mabati kiko nje kidogo ya mji wa Machakos, mahali ambapo karibu kila mlango una mtu amelala chini ya gari. Kazi yake ni kufunga turbo kwenye pikapu kuukuu za dizeli ambazo hazikutoka nayo kiwandani. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu tatu. Siku mbaya hurudi na harufu ya dizeli tu, na mkewe Winfred humfulia nguo zake pembeni, mbali na nyingine.

Leo, hata hivyo, kuna jambo linamkosesha raha kuliko oili. Mchana kuna mkutano wa kikundi cha wakulima huko Kathiani, na ameitwa aseme kama dereva Reuben Kimanzi ni mwizi au si mwizi. Akimsemea, Reuben atabaki na funguo za pikapu ya kikundi. Akikaa kimya, kazi ya Reuben imekwisha, na jina lake pia, maana huko milimani dereva aliyefukuzwa kwa wizi hapewi hata mkokoteni.

Na Aloys hajawahi kumdhamini mtu. Shemeji yake alipomwomba amwekee sahihi ya mkopo kwenye chama, alimwambia aende kwa Mungu, yeye ndiye ajuaye yaliyo moyoni.

"Nitasema nini?" anauliza, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mimi niko na uhakika wa vyuma. Mtu si chuma."

Ili kuelewa jinsi fundi asiyemwamini mtu alivyofika hapa, lazima kuanza na turbo yenyewe.

Ni kijungu cha chuma chenye feni mbili ndogo kwenye shafti moja. Moshi wa injini unazungusha feni ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, na pikapu iliyokuwa ikikohoa mlimani inapanda na mzigo wake. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Haiguswi na chuma kingine, kwa maana inaelea ndani ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio roho yake.

"Watu wananunua turbo wanafikiri wamenunua nguvu," Aloys anasema. "Umenunua mtoto mchanga. Lazima umnyonyeshe."

Kumnyonyesha huko ndiko ufundi wake. Oili huichukua kwenye bloku ya injini, pale inapopita kwa presha, na kuipeleka juu ya turbo kwa paipu nyembamba. Ikija na presha kupita kiasi itapenya kwenye sili, vizibo vya shafti, na gari litatoa moshi wa buluu. Ikija kidogo shafti itajila yenyewe. Ya kutoka inapita kwenye paipu nene inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye samp, bakuli la oili chini ya injini, bila kupinda, kwa sababu oili hiyo haisukumwi na kitu, inaanguka tu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, Aloys hujaza turbo oili kwa mkono na kuzungusha shafti polepole kwa kidole.

Hayo yote alikuwa akiyafanya nyuma ya pazia.

Lilikuwa pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja, limening'inizwa mbele ya kibanda toka juu hadi chini. Alikuwa na hakika kwamba mafundi wa jirani wanamvizia wamwibie ujuzi. Mteja alipoleta gari, aliambiwa akanywe chai na arudi jioni. Tena kila turbo aliyoifunga aliipiga alama ya siri kwa patasi, ili siku ikibadilishwa na mtu ajue. Alama yenyewe ilikuwa wapi na ilifanana vipi, hata Winfred hakuambiwa.

Basi mwaka jana wakaja watu wa Kathiani. Ni kikundi cha mwethya, majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu tangu enzi za wazazi wao, na siku hizi wanauza ovakado na maembe kwa pamoja. Pikapu yao ilikuwa imezeeka. Ikibeba mzigo kuvuka milima ya Iveti kuja Machakos, akina mama walilazimika kushuka na kutembea kando yake. Wakachanga, wakanunua turbo ya mtumba kutoka Japani kwa shilingi elfu arobaini na tano, wakamletea Aloys.

Mwenyekiti wao, Loise Mumbua, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuja mwenyewe kuangalia kazi. Akakuta pazia.

"Nikamwambia, fundi, hiyo gari ni yetu, nifungulie nione," Loise anakumbuka. "Akasema nikakunywe chai. Mimi sikuwa na kiu ya chai. Nikajiuliza, huyu mtu anaficha nini?"

Pikapu ilitoka pale ikiwa na nguvu ya kushangaza. Ilipanda Iveti na mzigo kamili, akina mama wakiwa wamekaa juu ya magunia wakiimba. Reuben, dereva wao, mtu mpole wa maneno machache, alipewa maagizo na Aloys: akifika sokoni asizime gari papo hapo, aliache lingurume dakika moja ili oili ipoze turbo. Reuben akafuata agizo hilo kama amri ya kanisani. Wauza mboga wa soko la Machakos wanakumbuka walivyomnung'unikia kwa ule moshi.

Kabla msimu wa ovakado haujaisha, turbo ikafa. Ilianza kupiga mluzi, ikafuatia kelele ya chuma kwa chuma, mwishowe ikatema oili yote kwenye njia ya moshi, na barabara ya Kathiani ikafunikwa na wingu la buluu.

Maneno yakaanza hapo. Fundi ametubadilishia, alisema mmoja. Turbo yetu ilikuwa nzuri, alisema mwingine, ameiuza Nairobi akatufungia kuukuu. Na yule wa tatu akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: mbona pazia?

Aloys akaitwa. Akaifungua turbo mbele ya wazee na kuwaonyesha alama yake ya siri, nukta tatu zilizokaa chini ya kiuno cha chuma.

"Nikawaambia, hii ni ile ile, mwone alama yangu," anasimulia. "Mzee mmoja akaniuliza, nani mwingine aliiona ukiipiga? Nikasema hakuna. Akaniambia, basi hiyo ungeweza kuipiga hata jana."

Anasema alihisi aibu ikimpanda toka miguuni, kwa sababu yeye mwenyewe, angekuwa upande ule wa meza, angesema maneno hayo hayo.

Mtu mmoja akataja kithitu. Hicho ni kiapo cha Wakamba ambacho hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili hawakichezei, kwa kuwa anayekula kithitu kwa uongo huaminika kufa yeye na kufuatiwa na jamaa zake. Loise alikatiza maneno hayo upesi na kusema mwethya si mahali pa mambo hayo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ndani ya wiki lilikuwa limefika Machakos mjini, na wateja wawili waliokuwa wameacha magari yao kwa Aloys wakaja kuyachukua kabla hayajatengenezwa.

"Mume wangu hakulala," anasema Winfred. "Lakini pia hakusema yeye si mwizi. Alikuwa anasema tu, ni Reuben, ni Reuben."

Ndiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia Aloys, na jicho lake likamwangukia dereva. Ndani ya turbo ile alikuta oili iliyoungua ikaganda kama masizi ya sufuria, njia yake imezibwa na makaa. Hiyo ni turbo iliyonyimwa oili ikiwa moto. Sasa nani alikuwa na gari kila siku? Nani angeweza kunyonya oili nzuri akaiuza, akarudishia ile ya kuchujwa kwa kitambaa? Akadondosha mabaki ya oili ya samp kwenye gazeti. Ilikuwa nyeusi kama oili yoyote ya dizeli iliyotumika, wala hakuona kasoro. Hilo nalo likamzidishia shaka, akasema huyu dereva ni mjanja kweli kweli.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitafuta turbo nyingine kwa pesa zake, akaifunga bila malipo, na safari hii akapitisha paipu nyingine nyembamba hadi mbele ya dereva na kuweka geji ya presha ya oili, saa ndogo yenye mshale. Kisha akamwomba Loise apande nao siku ya mzigo. Nia yake, anakiri bila haya, ilikuwa kumnasa Reuben mbele ya shahidi.

Walipanda watatu mbele: Reuben kwenye usukani, Aloys katikati magoti yakigonga gia, Loise dirishani na mkoba wake mapajani. Nyuma kulikuwa na ovakado hadi juu. Mlimani mshale ulisimama kwenye pauni hamsini, haukutikisika. Aloys hakuuondolea macho. Kila Reuben alipojikuna, yeye alimwangalia mkono.

Wakafika kileleni, pale penye mikaratusi, barabara inapoanza kushuka kuelekea mjini. Reuben akaweka gia huru, akanyoosha mkono taratibu, akazima injini.

Kimya. Upepo tu ukapita madirishani, na pikapu ikaanza kuteremka yenyewe. Mshale ukaanguka hadi sufuri ukalala hapo.

"Washa," Aloys akasema.

"Niwashe nini, fundi? Si tunateremka?"

"Reuben, washa gari."

Reuben akawasha, amechanganyikiwa. Loise ndiye aliyeshangaa zaidi. "Kwani shida iko wapi?" aliuliza. "Hapo ndipo kila mtu huzima. Hata marehemu mzee wangu alikuwa akizima hapo. Gari inapumzika, dizeli inabaki."

Ni kweli. Madereva wa huko wamekuwa wakizima kileleni tangu lori la kwanza kupita barabara ile. Baba humfundisha mwana, na anayefika chini bila kuwasha husifiwa, ingawa breki huwa ngumu kama jiwe na wako waliokwisha kutumbukia mtaroni. Reuben alikuwa hodari wao. Katika sherehe ya kufunga mwaka, kikundi kilimzawadia blanketi kwa kuokoa dizeli, na Loise mwenyewe ndiye aliyemvisha mabegani huku watu wakipiga vigelegele.

Pikapu isiyo na turbo haikujali mchezo huo. Lakini turbo iliyotoka kupanda Iveti na mzigo imeiva kwa moto, shafti bado inazunguka, na hapo hapo injini inazimwa na oili inasimama. Ile iliyobaki ndani inaungua. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa. Halafu Reuben, kwa utiifu wake wote, anafika sokoni na kuipoza dakika nzima turbo ambayo ilishachomwa kule juu.

"Nilikuwa nimeshuku oili, nikashuku duka, nikashuku huyu kijana wa watu," anasema Aloys. "Mlima sikuushuku. Kwetu Masii hatuna mlima wa namna hiyo, singejua."

Njiani kurudi Loise akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufuta macho. "Fundi," akamwambia, "mficha uchi hazai. Ungetuonyesha tangu mwanzo vile hii kitu inakunywa oili, mimi mwenyewe ningekuuliza, na pale juu tunapozima je?"

Aloys alirudi kibandani akalitungua pazia. Magunia yake sasa yamefunika jenereta la jirani.

Mambo yangekuwa yameishia hapo, lakini shaka ikishaingia mahali haitoki kwa kufagiwa mara moja. Reuben hazimi tena kileleni. Injini inanguruma njia yote, na mzigo umekuwa mkubwa kuliko zamani kwa sababu gari lina nguvu. Dizeli inayotumika imeongezeka. Wanakikundi wameona imeongezeka. Na yule yule aliyetaja kithitu ameanza kuuliza, dizeli yetu inaenda wapi?

Asubuhi hii Reuben ameleta pikapu kubadilishwa oili kabla ya mkutano. Amekaa kwenye gurudumu kuukuu, kofia mkononi, hajagusa chai aliyoletewa.

"Niliwarudishia blanketi yao," anasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu aliniambia nisilale na kitu cha watu wanaoniita mwizi."

Aloys anasikia hayo akiwa chini ya gari. Hatoki haraka. Anapotoka anaiangalia geji, anaangalia tangi, anaangalia mfuniko wa tangi na kuupitishia kidole kutafuta mikwaruzo. Ni mazoea. Hakuna mikwaruzo, lakini mwizi mwenye akili haachi mikwaruzo, na Aloys anasema hivyo kwa sauti, Reuben akiwa hapo hapo. Reuben anainamisha kichwa.

Mchana, uani kwa Loise, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na mabenchi ya kanisa. Aloys anaitwa mbele. Amevaa shati safi, ila kucha bado ni nyeusi. Anaeleza juu ya mlima, juu ya mzigo, juu ya injini isiyozimwa. Wengine wanatikisa kichwa kukubali, wengine hapana.

"Hiyo tumeelewa, fundi," anasema Loise. "Lakini mtu anaweza kuficha lita mbili tatu ndani ya maelezo hayo. Wewe uko na uhakika Reuben hachukui?"

Aloys anamtazama Reuben, kisha Loise.

"Hapana, mwaitu," anasema, akimwita Loise mama kwa Kikamba. "Uhakika sina. Hata geji haipimi hiyo. Nyinyi hamkuwa na uhakika na mimi pia, na mlinirudishia gari." Anamnyooshea Reuben kidole. "Mimi nilimtafuta huyu mtu makosa na nia mbaya, na nilichokuta ni kwamba alifanya kila kitu alichoambiwa. Nilichokosa kumwambia ndicho kilichoharibika. Dizeli ikipotea, mje mchukue jeki yangu. Namdhamini."

Kunapita minong'ono. Yule mtu wa kithitu anataka kusema neno, anaghairi. Loise anainuka, anaingia nyumbani, anatoka na funguo za pikapu mkono mmoja na blanketi mkono mwingine. Blanketi anamtupia Reuben mapajani. Funguo anampa Aloys.

"Mdhamini ndiye anayekabidhi," anasema.

Aloys anazipima funguo kiganjani. Anasema ndoto yake ni kuona kila pikapu anayoifunga turbo ikiwa na geji mbele ya dereva, na kila dereva akijua mshale unamwambia nini. Anataka pia kuwaita mafundi wa jirani, wale wale aliowafungia pazia, awaonyeshe paipu ya kurudisha oili inavyolazwa. Wawili wameshakuja. Mmoja wao, anasema, ana macho ya mwizi, lakini amemfundisha.

Kisha anamgeukia Reuben na kumwekea funguo mkononi.

"Nenda," anamwambia. "Lakini ukiniangusha, yale magunia najua yaliko."

Reuben anawasha pikapu. Anangoja kidogo, macho kwenye mshale, mpaka oili ifike juu. Aloys, aliyekwisha kupanda kando yake arudishwe Machakos, haangalii mshale wala mkono wa Reuben; anaangalia dirishani.